Kronografu ya 44 mm kwenye mkono mwembamba, na mshale mkubwa haurudi 60: tatizo liko wapi?

#1 MkonoMwembamba (Kampala)
Salaam wadau.

Nina kronografu (saa yenye kipima muda) ya michezo ya betri, za aina ile inayouzwa sana hapa mjini: visaa vitatu vidogo usoni, vitufe viwili ubavuni, pete ya takimita (ya kusomea kasi) kuzunguka kioo. Vipimo vyake kwa kalipa: upana 44 mm bila ufunguo (kile kifundo cha ubavuni cha kupangia muda), sikio hadi sikio (ncha zinazoshika mkanda) 51 mm, unene 12.5 mm. Mkanda ni wa chuma wa 22 mm, na uzito wote gramu 158. Nyuma imeandikwa 10 BAR, kiwango cha kuzuia maji. Mzunguko wa mkono wangu ni sm 16.5.

Mambo ni mawili. Nikisimamisha kipimo na kufuta (kurudisha mwanzo), mshale mkubwa wa sekunde unatua kwenye 58, haufiki 60. Tena nikikunja mkono, ufunguo unachimba nyuma ya kiganja.

Natoa dai ili mnipinge: mshale unakosea kwa sababu betri imechoka, na saa ya 44 mm haifai mkono ulio chini ya sm 17.

#2 FundiWaBombo
Napinga yote mawili. Nianze na mshale.

Kwanza tujue ni mashine gani. Bonyeza kitufe cha saa mbili kuanza, subiri sekunde 20, simamisha, halafu kitufe cha saa nne ufute. Tazama mshale unavyorudi.

Ukirudi kwa mpigo mmoja, hata jicho lisione njia uliyopita, hiyo ni mashine mseto, mara nyingi VK63 au VK64 ya Seiko. Betri ndiyo inayoiendesha, lakini kufuta kunafanywa na nyundo ya chuma inayogonga kamu yenye umbo la moyo. Wakati wa kupima mshale hupiga hatua 5 kila sekunde.

Ukirudi kwa kutembea mbio hadi 60, hiyo ni ya umeme mtupu, kama Miyota OS10 na OS20, au Seiko 7T62 na 7T92. Hapo mshale husukumwa na mota kwenda na kurudi.

Tiba zake hazifanani hata kidogo, ndiyo maana nauliza kabla ya kujibu.

#3 MwalimuWaMbale
@FundiWaBombo, "kitufe cha saa mbili" kwa Kiswahili chetu ni pale ilipo 8. Saa mbili asubuhi mshale mfupi uko kwenye 8, na upande ule hakuna kitufe. Mtu wa Arua au Kasese akisoma maelezo yako ataigeuza saa mpaka achoke. Tukubaliane tangu sasa: kitufe cha juu na kitufe cha chini. Namba za usoni tuziite kama zilivyoandikwa, 12, 3, 6 na 9.

#4 FundiWaBombo
Umenisahihisha vyema, mwalimu. Cha juu huanzisha na kusimamisha, cha chini hufuta.

#5 DadaWaJinja
Niongeze hapo kwa cha chini, maana kinaogopesha watu bure. Katika nyingi za umeme mtupu, ukikibonyeza wakati kipimo kinaendelea, mishale inasimama lakini hesabu inaendelea ndani. Ukibonyeza tena, mishale inakimbia kufidia muda uliopita. Hiyo ni kazi yake ya kupima mzunguko mmoja bila kukatiza mbio nzima. Saa haijaharibika.

Kwa kronografu za kimakanika za kawaida, kama zenye Valjoux 7750, mambo ni kinyume. Cha chini usikiguse kabla ya kusimamisha kwa cha juu. Ukikilazimisha unaumiza vyuma vya ndani. Zipo chache zilizotengenezwa zifutwe zikiwa mbioni, na kijitabu chake kitasema wazi.

#6 BusiaMpakani
Msiiondolee betri lawama haraka hivyo. Betri ya saa bora ni ya oksidi ya fedha, volti 1.55, na hukaa hapo hapo karibu mpaka siku ya mwisho. Zinazowekwa mezani barabarani mara nyingi ni za alkali, zile zenye alama ya AG. Ukubwa ni ule ule, lakini volti zake hushuka polepole kadiri inavyotumika. Saa ya kawaida ya mishale mitatu huvumilia. Kronografu ina kazi ya ziada, na mota ikikosa nguvu huruka hatua. Mshale ukikosa hatua mbili wakati wa kurudi, umepata 58 yako.

Dalili ya betri kuisha: kile kisaa kidogo cha sekunde za kawaida huanza kuruka sekunde 2 kwa mpigo mmoja, na mashine nyingine huruka 4. Angalia hilo kwanza.

#7 FundiWaBombo
@BusiaMpakani, kuhusu alkali nakuunga mkono, tena ongeza kwamba huvuja na kula vyuma vya shaba ndani. Ila maelezo yako ya hatua kuruka ni ya mashine ya umeme mtupu. Kama yake ni VK, mota haihusiki na kurudi. Nyundo haihitaji betri. Hata ukitoa betri kabisa, kitufe cha chini bado kitaurudisha mshale.

Na wanaokwenda kununua wasome herufi za mwisho. SR927W ni 399, SR927SW ni 395. Zote zina upana wa 9.5 mm na unene wa 2.7 mm, lakini yenye W peke yake imetengenezwa kwa saa zinazovuta umeme mwingi, yaani zenye taa, kengele au kronografu. SW ni ya mvuto mdogo. Hata hivyo msikariri kwamba kila kronografu ni W, kwa sababu VK63 hutumia SR936SW, ambayo ni 394, yenye unene wa 3.6 mm. Fuateni kilichoandikwa ndani ya saa au kwenye kijitabu.

#8 KaseseMilimani
Kuna hatua ambayo haifanyiki kwenye meza nyingi, nayo huleta lawama kwa betri isiyo na kosa. Katika mashine za Seiko za kronografu, ndani kuna sehemu imeandikwa AC. Ukishaweka betri mpya, unachukua kibano cha chuma, ncha moja kwenye AC, nyingine juu ya betri upande wa chanya, unashikilia sekunde 2. Hapo ubongo wa saa unaanza upya. Usipofanya hivyo mishale hukaa ovyo, vitufe havisikii, au saa haitembei kabisa, na mteja anaambiwa mashine imekufa.

Betri yenyewe ishikwe kwa kibano cha plastiki. Kibano cha chuma kikigusa juu na chini kwa pamoja unainyonya kabla haijaanza kazi.

#9 DadaWaJinja
Na kwa wenye umeme mtupu, mshale usiporudi 60 hakuna haja ya kufungua kitu. Kwa Miyota OS10 na OS20: simamisha na ufute kwanza, vuta ufunguo hadi kituo cha pili, bonyeza kitufe cha juu. Kila mbonyezo ni hatua moja. Ukikishikilia, mshale unakimbia. Ukipita 60 endelea kubonyeza mpaka uzunguke tena, haurudi nyuma. Ukifika, rudisha ufunguo ndani, pima sekunde chache, futa, uone kama unatua pale pale.

Kumbuka ukivuta ufunguo saa inasimama, kwa hiyo muda upange upya baadaye.

#10 MkonoMwembamba (Kampala)
Asanteni. Nimeangalia. Unarudi kwa mpigo mmoja, na wakati wa kupima unapiga hatua tano kwa sekunde. Kisaa cha kushoto kinahesabu dakika hadi 60, cha chini ni sekunde za kawaida, cha kulia ni saa 24. Sekunde za kawaida hazirukiruki. Kisaa cha saa 24 kinanitatiza: nikianza kupima hakijongei.

#11 FundiWaBombo
Hiyo ni VK63 kwa mpangilio wake. Kisaa cha 24 si cha kupimia. Kimefungwa pamoja na mshale wa saa, kinakuonyesha kama ni mchana au usiku, basi. Hakiwezi kupangwa peke yake. Ikiwa kinaonyesha 9 wakati ni saa tatu usiku, zungusha mishale mbele saa 12 nzima, kitaonyesha 21.

#12 AruaMjini
Hicho kisaa ndicho wanachotumia kuwadanganya watu kwenye saa za bandia. Unaona visaa vitatu usoni unadhani ni kronografu, kumbe kimoja ni siku za wiki, kimoja tarehe, kimoja saa 24, na vitufe ni vya kubadilisha siku na tarehe. Nyingine visaa vimechorwa tu na vishale vimegandishwa. Kabla ya kutoa hela bonyeza cha juu. Mshale mrefu wa katikati usipoanza kutembea ukitoka kwenye 60, hiyo si kronografu, hata ikiandikwa hivyo kwa dhahabu. Na ukiona mshale mrefu unatembea muda wote tangu unashika saa, huo ni wa sekunde za kawaida.

#13 MkimbiajiWaKapchorwa
Naingia kwenye uvaaji, na kwenye takimita kwa sababu wengi wanaivaa bila kuitumia.

Pete ile ni hesabu moja tu: 3600 gawanya kwa sekunde ulizotumia. Kilomita moja kwa sekunde 45, mshale unaonyesha 80, yaani kilomita 80 kwa saa. Sekunde 30 ni 120. Tatizo la mkimbiaji ni kwamba pete nyingi zinakomea 60, yaani sekunde 60. Kilomita moja kwa miguu haimaliziki ndani ya dakika.

Chukua rekodi ya dunia ya Joshua Cheptegei ya mita 5000, Monaco mwaka 2020, dakika 12:35.36. Gawanya kwa mizunguko 12 na nusu, unapata sekunde 60.4 kwa kila mzunguko wa mita 400. Pete imeishia sekunde 60. Yaani hata kasi ile inatoka nje ya takimita kwa chini ya nusu sekunde! Mita 10,000 zake za Valencia mwaka huo huo, 26:11.00, ni sekunde 62.8 kwa mzunguko. Nayo nje.

Dawa yake ni kupima mita 200. Nusu mzunguko kwa sekunde 30.2, pete inasoma karibu 119, zidisha kwa 0.2 unapata kilomita 23.8 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi yake halisi ya siku ile. Kwa mwanafunzi wa kawaida uwanjani Namboole, pima mita 100 na uzidishe kwa 0.1.

#14 MwalimuWaMbale
Hesabu safi kabisa. Niongeze tu kwamba takimita haijui kilomita. Inatoa idadi kwa saa moja ya kitu chochote. Kama ndoo moja ya maji inajaa kwa sekunde 40, pete inasema 90, basi ni ndoo 90 kwa saa.

#15 EntebbeZiwani
Kwa sisi wa kando ya ziwa, pete yenye manufaa zaidi ni ya telemita, inayopima umbali wa radi. Ukiona umeme, bonyeza cha juu. Ukisikia ngurumo, simamisha. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 12 ni kama kilomita 4. Kama huna telemita, gawanya sekunde kwa 3. Vipimo viwili vikifuatana vinapungua, dhoruba inakuja upande wako, na mtumbwi usitoke.

#16 AfandeGulu
Tuje kwenye mkono. @MkonoMwembamba, mzunguko wa sm 16.5 hausemi kitu peke yake. Mikono miwili yenye mzunguko sawa, mmoja bapa, mwingine wa duara, haivai saa moja. Weka rula juu ya mkono, pale saa inapokaa, upime sehemu iliyo bapa kabla haijaanza kushuka. Linganisha na sikio hadi sikio. Masikio yakibaki ndani ya bapa, saa imekaa. Yakitokeza, itayumba na mkanda utaacha pengo pembeni. Upana wa 44 mm ni namba ya dukani tu. Kinachoamua ni zile 51 mm zako.

Halafu unene. Kronografu ya otomatiki (inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono) ya 7750 ni nene kwa lazima, mashine peke yake ni 7.9 mm kabla hujaongeza uso, kioo na mfuniko. VK63 ni 5.1 mm. Kwa hiyo 12.5 mm kwenye saa ya betri ni kasha limenenepeshwa kwa mwonekano au kwa kuzuia maji.

#17 DadaWaJinja
@AfandeGulu, kuhusu unene naomba kutofautiana kidogo. Tazama unene uko wapi. Saa ya 12.5 mm ambayo mfuniko wake wa nyuma umetuna kwa 3 mm itasimama juu ya mkono kama sahani juu ya kikombe. Ikiwa unene huo uko kwenye kioo na pete, nyuma bapa, itakaa chini. Pia angalia masikio: yanayopinda kuelekea chini hukumbatia mkono, yaliyonyooka huelea.

Ufunguo kuchimba si suala la ukubwa peke yake. Saa yake nina hakika inateleza kuelekea kiganjani kwa sababu ya gramu 158 na mkanda uliolegea. Ivaliwe nyuma ya kile kifupa kinachotokeza upande wa kidole kidogo, na mkanda ukazwe uzuie isipite hapo. Ufunguo hautagusa kiganja hata ukipiga pushapu.

#18 BusiaMpakani
Anayeendesha boda naye asikilize hilo. Mkono wa kulia ndio wa mafuta, kifundo kinakunjwa juu muda wote. Saa ikiwa kulia na imeteleza mbele, vitufe vinabanwa na nguo au glavu. Unafika unakuta kronografu imekimbia safari nzima, na betri inaliwa. Vijitabu vingi hupiga hesabu ya maisha ya betri kwa kronografu kutumika si zaidi ya dakika 60 kwa siku. Ukiiacha ikimbie, ile miaka 3 usiitegemee.

#19 KaseseMilimani
Kukaza mkanda wa chuma, kwa wanaojifanyia:

Pima alasiri, mkono ukiwa umevimba kwa joto, si asubuhi. Saa ya asubuhi inayokaa vizuri itakubana saa tisa mchana. Nyuma ya pingili kuna mishale midogo iliyochongwa, pini inasukumwa kutokea kuelekea ulikoelekea mshale, na inarudishwa kinyume chake. Toa pingili sawa pande zote mbili za bakoli, yaani kifungio cha mkanda. Idadi ikiwa witiri, ile ya ziada itoke upande wa 6. Baki ndogo malizia kwa vitundu vya bakoli. Kidole kimoja kipite kati ya bakoli na mkono, kisizidi.

Kwenye baadhi ya mikanda ya Seiko kuna kijibomba kidogo cha chuma ndani ya pingili ya katikati ambacho pini hupita. Kikidondoka bila kukiona, pini haitashika tena na saa itaanguka barabarani. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe.

#20 AruaMjini
Chuma kwa joto hili la kwetu mimi sikubaliani nacho. Weka mpira au nailoni ya 22 mm, unapunguza gramu nyingi na jasho halikai kwenye pingili. Nailoni ile ya kipande kimoja ina faida nyingine: pini moja ikikatika saa bado imeshikwa na ya pili.

#21 DadaWaJinja
Ila nailoni ya kupita chini huinua saa, maana kuna tabaka la mkanda kati ya mfuniko na ngozi. Kwa mwenye unene wa 12.5 mm hiyo ni kumzidishia. Achukue mpira wa vipande viwili.

#22 EntebbeZiwani
Naona 10 BAR imepita bila mjadala. Watu wanasoma 3 BAR au mita 30 wakidhani wanaweza kuzama mita 30. Sivyo. Kile ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya. Mita 30 ni manyunyu na kunawa mikono. 50 ni kuogelea kidogo. 100 ni kuogelea bila wasiwasi. Saa ya wapiga mbizi ina kiwango chake, ISO 6425. Zile nyingine ziko chini ya ISO 22810.

Kwa kronografu kuna mlango wa ziada: vitufe. Kila kitufe ni tundu kwenye kasha lenye mpira mdogo ndani. Usibonyeze chini ya maji, hata kama ni 10 BAR, isipokuwa kijitabu kinakuruhusu. Zenye vitufe vya kufunga kwa kuzungusha, kama Rolex Daytona, zivae majini vikiwa vimefungwa.

Kipimo cha nyumbani: vaa saa ipate joto la mwili, weka tone la maji ya baridi juu ya kioo kwa dakika moja, futa. Ukungu ukibaki chini ya kioo palipokuwa na tone, ndani kuna unyevu. Peleka siku hiyo hiyo, usingoje.

#23 MwalimuWaMbale
Vumbi pia. Vumbi la murram lina chembe za kwatsi ngumu kuliko kioo cha kawaida cha madini. Ukifuta kioo kikavu kwa shati unakisaga. Suuza kwanza au pulizia. Kioo cha safaya ndicho kinachostahimili, ingawa kikipigwa vibaya hupasuka.

#24 MkimbiajiWaKapchorwa
Kwa mazoezi tu, Casio F-91W ya tarakimu, ya gramu 21 inapima sehemu za mia za sekunde, hadi dakika 59:59.99, na haina mshale wa kupotea. Anayehitaji maji achukue AE-1200WH, mita 100. VK inapima sehemu ya tano ya sekunde. Najua uzi ni wa mishale lakini lazima lisemwe.

#25 AfandeGulu
Limesemwa na ni kweli. Lakini F-91W haisomeki kwa jicho la pembeni ukiwa unakimbia. Mshale mrefu mwekundu unausoma bila kuusoma, unaona umbo la pembe tu. Ndiyo maana hata wanaanga walivaa kronografu za mishale. Ile otomatiki ya Omega ilifika mwezini.

#26 FundiWaBombo
Haikuwa otomatiki, afande. Speedmaster ya Omega iliyofika mwezini mwaka 1969 ilikuwa ya kutia ufunguo kwa mkono. Kronografu za otomatiki zilitoka mwaka huo huo wa 1969: Zenith El Primero, Calibre 11 ya Heuer, Breitling na wenzao, na Seiko 6139. Hiyo Seiko ndiyo mwanaanga William Pogue aliyoivaa kwenye kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973.

Turudi kwa mwenye uzi. Fanya hivi: anzisha, simamisha popote, futa, andika mshale umetua wapi. Mara 10. Ukitua pale pale kila mara, mshale ulikaziwa vibaya tangu mwanzo au umeteleza mara moja kwa kishindo. Ukibadilika, kijineli cha mshale (kijibomba chake cha katikati) kimelegea juu ya mhimili, na kila nyundo inapogonga mshale unateleza kidogo. VK63 haina njia ya kuurekebisha kwa vitufe. Lazima ifunguliwe, mshale ung'olewe na ukaziwe mashine ikiwa imefutwa. Ukishang'olewa mara mbili tatu kijineli hupanuka, kwa hiyo anayeufungua awe na uhakika.

#27 AruaMjini
Mimi nadhani mshale uko sawa. Ile pete ya ndani yenye alama za sekunde ndiyo imezunguka. Kwa saa za bei nafuu ni jambo la kawaida.

#28 KaseseMilimani
Sekunde 2 ni digrii 12, ndugu. Pete ikizunguka kiasi hicho, alama ya 60 haielekei tena 12 ya uso, na mtu angeiona akiwa mlangoni. Pete inaeleza nusu sekunde, labda moja. Sumaku nayo naitoa kabla haijatajwa. Husumbua mota, na spika au kifuniko cha simu chenye sumaku kikae sentimita 5 mbali, lakini haiizuii nyundo.

Ninachokishuku ni kitufe. Jasho likikauka huacha chumvi kwenye mrija wa kitufe cha chini. Kitufe kinaingia nusu, nyundo haimalizi safari yake, mshale unatua kabla ya 60. @MkonoMwembamba, mara 10 zako zigawe. Tano donoa kitufe haraka, tano kibonyeze hadi mwisho na ushikilie kwa sekunde moja.

#29 MkonoMwembamba (Kampala)
Nimefanya.
Kudonoa: 57, 58, 57 na nusu, 58, 57.
Kushikilia: 58, 58, 58, 58, 58.

Na bapa la mkono kwa rula ni 53 mm. Nimetoa pingili mbili, moja kila upande, nimeivaa nyuma ya kifupa. Ufunguo haugusi tena.

#30 FundiWaBombo
Basi 58 ni ya mshale, hizo 57 ni za kitufe. Una matatizo mawili, moja limefunikwa na jingine.

#31 KaseseMilimani
Au ni kitufe peke yake, na hata ukishikilia hakifiki mwisho. Kabla ya kung'oa mshale, kitufe kitolewe, mrija usafishwe, mpira upakwe grisi ya silikoni kidogo kama kichwa cha njiti, ndipo apime tena mara tano.

#32 BusiaMpakani
Na wakishafungua wasome betri iliyomo. Kama ni ya alkali, ibadilishwe hapo hapo kwa 394.

#33 DadaWaJinja
Na mpira wa mfuniko wa nyuma ubadilishwe siku hiyo hiyo. Ukifungwa na ule wa zamani uliobanjika, ile 10 BAR ihesabu imeondoka.